Naomba ushauri: hadithi ya Pamela niimalizeje mbele ya wasichana wa kazi?

Habari zenu ndugu zangu. Jumapili jioni huwa nawasimulia hadithi wasichana wa mtaani kwetu, wengi wao wanafanya kazi za ndani. Sasa nipo kwenye riwaya ya Samuel Richardson, Pamela, iliyotoka Uingereza mwaka 1740, na nimekwama.

Pamela ni mtumishi wa miaka 15. Bibi mwenye nyumba anafariki, mwanawe anaanza kumsumbua binti, mwisho anamteka na kumfungia kwenye nyumba yake nyingine huko Lincolnshire. Binti anaandika kwa siri, karatasi anazishonea ndani ya nguo, kiunoni. Nilipofika hapo, mmoja wao alishika pindo la khanga yake, hakusema neno. Sitasahau.

Tatizo ni mwisho. Bwana anazisoma zile karatasi, moyo unalainika, anamwoa. Richardson anaiita hiyo tuzo ya wema, tena ameiweka kwenye jina kamili la kitabu: Pamela, au Wema Uliotuzwa. Wenzake hawakukubali wote. Mwaka 1741 tu Henry Fielding alishaandika kijitabu cha kumkejeli. Mimi naogopa binti aondoke akiamini kwamba akimvumilia bosi anayemshikashika, ataolewa. Ila kubadilisha mwisho naona ni kumdhulumu mwandishi.

Niusimulie ulivyo kisha tuujadili, au niishie pale anapokataa pesa za bwana? Mliowahi kusimulia hadithi za zamani kwa vijana, nisaidieni kabla ya Jumapili, wananisubiri.