Mwanangu kichaa wa treni anataka kuingia yadi, utaratibu ukoje?

Mama Junior
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu. Nina kijana wangu wa miaka 10, tuko Morogoro, huyu mtoto treni zimemkaa kichwani jamani, akisikia honi anaacha hata ubwabwa wa moto anakimbia nje, ana daftari anaandika namba za vichwa vya treni vinavyopita na saa vilivyopita. Treni mpya ya SGR ilipoanza Juni 2024 nikajua sasa atahamia huko, wapi, ananiambia mama ile ya umeme inapita haraka mno huoni watu wakifanya kazi. Yeye anataka yadi, aone mabehewa yanavyopangwa na kuungwa. Nikampeleka yadi moja bila kuuliza mtu, mlinzi akatugeuza getini, mtoto kalia njia nzima mpaka nyumbani. Kuna anayejua tunaingiaje? Na kwa umri wake ni salama kweli?

Pointimani Mstaafu
Mama Junior pole, ila yule mlinzi usimlaumu, kafanya kazi yake. Mimi nimegeuza pointi, yaani pale reli inapohamishwa treni ibadili njia, miaka 27. Andika barua kwa stesheni masta, taja umri wa mtoto na ni nani anakuja naye, omba mtu wa reli awatembeze, halafu subiri jibu usiende kubahatisha.

Mkiruhusiwa, avae viatu vya kufunika. Asikanyage juu ya chuma cha reli hata siku moja, avuke kwa kupitisha mguu juu yake maana asubuhi kuna umande na muda wote kuna grisi, unateleza kama sabuni. Na asipite kwenye uwazi kati ya mabehewa mawili hata kama yamesimama. Watu wanaogopa kichwa kwa sababu kinanguruma, mimi nakwambia ogopa behewa, shanta, yule anayeunga na kutenganisha mabehewa, akilikata likaachiwa linakuja lenyewe, tani na tani, kimya, halina honi wala dereva, unashtukia liko mgongoni.

Mwambie pia awaulize habari za breki. Wengi wanadhani upepo ukijaa kwenye bomba ndo breki inashika, kumbe kinyume, upepo ukipungua ndo inashika, ndo maana treni ikikatika katikati vipande vyote viwili vinasimama.

Wanjiru wa Nai
Mimi niko Nairobi, wangu ako na miaka 8 na ni vivyo hivyo. Mkikuja huku mpeleke makumbusho ya reli, iko hapo karibu na stesheni, ilifunguliwa 1971. Kuna injini ya mvuke namba 5918, inaitwa Mount Gelai, ilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, ni zaidi ya tani 250, hizo ndizo zilikuwa zinavuta mizigo ya Mombasa. Na huo mlima Gelai si uko kwenu Tanzania, karibu na Ziwa Natron? Wangu alisimama kwa gurudumu akapata linamzidi urefu, hakutaka kutoka hapo.

Kilosa Kwetu
Dada, kwa vile mko Moro msisahau Kidatu. Pale reli ya TRC, shirika letu la reli, inakutana na ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, na mizigo inahamishwa kutoka behewa hadi behewa, kisa upana kati ya vyuma viwili vya reli, moja ni milimita 1,000 na nyingine 1,067. Yaani tofauti ni kama vidole vinne vya huyo mtoto, lakini behewa halipiti ng'o. Akapime na rula yake mwenyewe.

Mama Junior
Mrejesho wakuu. Barua ilijibiwa baada ya wiki mbili, tumeenda Jumamosi. Shikamoo mzee Pointimani, nilimkaririsha kila ulichoandika, alikuwa ananikumbusha yeye, mama umekanyaga reli! Kichwa kilirudi nyuma taratibu, shanta anapunga bendera, kapla, zile ndoano za kuungia mabehewa, zikagongana kwaa, mlio ukakimbia behewa kwa behewa mpaka la mwisho, mtoto akasema ameusikia miguuni kwenye kokoto. Halafu wakamwacha ashike mkono wa pointi, pointimani kaweka mkono wake juu ya wa kwake wakavuta wote, ule ulimi wa reli ukahama, tap. Kakaa kimya hata dakika nzima, na huyu mtoto hanyamazi.

Usiku kaniuliza swali sikuliweza. Kama breki inashika upepo ukipungua, je behewa likikaa yadi mwezi mzima upepo ukaisha kabisa, linashikwa na nini?

Pointimani Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mwambie hilo ni swali la mtu wa reli. Behewa lina tangi lake dogo, upepo wa kwenye tangi ndo unaosukuma breki, sasa nao ukivuja wote breki inaachia. Kwa hiyo behewa la kulala tunalifunga breki ya mkono na kuweka kabari chini ya gurudumu. Mkirudi aitafute hiyo kabari.