Kompyuta ya 3D au kibao cha kuchorea: ninunue kipi kwanza?

Kalamu_ya_Kayole
Wadau, hamjambo. Nataka kufanya uhuishaji uwe kazi yangu ya kudumu, na mwisho wa mwezi nitaweza kununua kitu kimoja tu. Je, ninunue kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro nijifunze 3D (wahusika wenye umbo la pande zote), au kibao chenye kioo nibaki na 2D (michoro bapa)? Ningependa kazi zangu zionekane za Kiafrika.

Fundi_Fremu
Una shilingi ngapi? Kwa sasa unatumia kompyuta gani? Unajua kuchora kwa mkono, au ndiyo unaanza? Bila majibu hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mhuishaji_SouthB
Mimi nasema kompyuta na Blender, programu ya kutengenezea 3D, hata kabla hajajibu. Programu hiyo ni ya bure, na ndiyo iliyotengenezea Flow, filamu iliyoshinda Oscar mwaka 2025. Programu kubwa za 2D hulipiwa kwa dola, na shilingi ikishuka anayeumia ni wewe.

Bi_Wino
Krita, programu ya kuchorea, nayo ni ya bure, ndugu yangu, na ndani ya Blender hiyo hiyo mna zana za kuchorea 2D. Hoja ya leseni haina uzito.

Msimulizi_Umoja
Tahadhari na kompyuta za mitumba. Nilinunua moja katika duka la mjini ambalo sitalitaja, muuzaji akiniapia kwamba kadi yake haijachoka. Nilipoanza kurenda tangazo la mteja, yaani kompyuta igeuze kazi kuwa picha za mwisho, ilipata moto ikajizima, nikaiwasha ikajizima tena, hadi siku ya kukabidhi kazi ikafika nikiwa na nusu ya fremu. Muuzaji alidai kuwa umeme wa nyumbani kwangu ndio ulioiharibu, na risiti haikuwa na neno lolote kuhusu dhamana. Mteja alimtafuta mtu mwingine. Kabla ya kulipa, dai irende mbele yako kwa muda wa kutosha, na muuzaji akikataa, ondoka.

Kalamu_ya_Kayole
Asanteni. Nina takriban elfu sabini. Kuchora najua, ila kwa penseli tu.

Bi_Wino
Basi chukua kibao kisicho na kioo, ambacho bei yake ni nafuu mno, na pesa zinazobaki uongeze RAM. Isitoshe, mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, wenye rangi bapa na mistari mizito, unaikubali 2D vizuri zaidi.

Mhuishaji_SouthB
Tingatinga ni ya Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960. Kijana wa Kayole ana michoro ya matatu mlangoni kwake. Kwa nini aazime ya jirani?

Bi_Wino
Katuni ya watoto ya Tinga Tinga Tales ilihuishwa hapa hapa Nairobi, na hakuna aliyeita huko kuazima. Wala Uafrika si shanga na ngao tu: mhuishaji Mkenya Ng'endo Mukii, katika filamu yake fupi Yellow Fever ya mwaka 2012, alichanganya michoro na wacheza dansi halisi ili azungumzie kujichubua ngozi. Huo ni mtazamo, si pambo.

Fundi_Fremu
Hapo nakubali, ila katika 3D ngozi yetu hudai taa za namna yake. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na ukiiwashia taa zilizopangwa kwa mhusika mweupe, uso unakuwa kama wa udongo. Nywele za kipilipili ni taabu nyingine, kwa sababu kila msokoto unaongeza muda wa kurenda.

Msimulizi_Umoja
Kuhusu nywele, kuna aliyefaulu kuhuisha rasta bila nyuzi kupenya mabegani? Rasta zangu zinazama mwilini kila mhusika anapogeuza shingo.