Kusoma mwingiliano wa binadamu na kompyuta: kozi ya mtandaoni, masters au kazini?

Kijana wa Kihonda
Habari wakuu. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta. Kuandika programu naweza, ila kinachonivuta sasa ni namna watu wanavyozitumia. Chuoni somo hili ni muhula mmoja tu. Nichukue kozi za mtandaoni, nitafute masters nje, au niingie kazini nijifunzie humo humo?

Binti Raskazone
Mdogo wangu, anza na kozi. Mimi nilisoma ile ya mwalimu David Joyner wa Georgia Tech, chuo cha Marekani, ikanipa msingi. Humo ndimo nilipoielewa kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya 1954: kitu kikiwa kidogo na kikiwa mbali, kidole kinachelewa kukifikia. Tangu hapo siweki kitufe kidogo cha "Ghairi" kikibanana na "Lipa".

Fundi Menyu
Kozi sawa, ila humo mtumiaji humkuti. Niliwahi kutengeneza apu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Nikampa mama mmoja sokoni simu, nikamwomba aweke mchango wake. Kiasi akajaza bila shida. Kufika kwenye kitufe cha "Wasilisha", kidole kikabaki hewani. "Niwasilishe kwa nani, mwanangu?" Miezi minne nimekitazama kitufe kile, sikuwahi kujiuliza. Nikaandika "Lipa", na aliyefuata hakusita. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alishasema mwaka 2000 kwamba ukijaribisha watu watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Mkuu, nenda kazini.

Msomi wa Baridi
Kaka Fundi, hapo tusiende haraka. Hiyo 85 imejengwa juu ya makadirio kwamba kila mtu mmoja hufichua asilimia 31. Watumiaji wako wakitofautiana sana, mmoja amezoea simu janja na mwingine ya vitufe, watano hawatoshi. Haya ndiyo masters iliyonifundisha: kuhoji takwimu, kupanga jaribio, kuomba ridhaa ya mtu kabla ya kumrekodi. Ukitaka utafiti au ualimu, isome. Ukitaka kusanifu apu tu, usijitie kwenye deni kwa ajili yake. Bila ufadhili subiri. Na usidhani utafiti wote uko Ulaya na Marekani: AfriCHI, mkutano wa Afrika wa fani hii, ulifanyika Nairobi mwaka 2016. Tafuta makala zake.

Kijana wa Kihonda
Asanteni sana. Naanza na kozi. Ila apu sina bado, nitamjaribisha mtu kwa kitu gani?

Binti Raskazone
Karatasi. Chora skrini nne kwa kalamu, kila moja na karatasi yake. Akigusa kitufe, wewe mbadilishie karatasi. Akikwama nyamaza, hata kama unaumia. Ukimwelekeza tu, hutajua angekwamia wapi.

Kijana wa Kihonda
Sawa dada. Jumamosi naenda nazo stendi ya Msamvu, nitaleta mrejesho.