Bado namlilia Papa Fransisko. Ni mimi peke yangu?

Wapendwa, tangu alipofariki Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025, siwezi kutazama picha zake bila machozi kunilengalenga. Jana yake tu nilimwona roshanini akitubariki, sauti imedhoofu mno, kisha akazungushwa uwanjani kwa gari. Kumbe anatuaga! Sikuwahi kukutana naye. Mbona naumia kama nimefiwa na baba mzazi?

Jibu: Lia tu, ndugu yangu. Mimi picha isiyonitoka ni ya Aprili 2019: mzee wa miaka 82 anapiga magoti kwa taabu, anabusu miguu ya viongozi wa Sudan Kusini akiwasihi wadumishe amani. Nilikuwa sisemezani na kaka yangu. Nilimpigia usiku uleule.

Jibu: Pole sana. Mimi humtajia nia kwenye Misa ya asubuhi. Kaburi lake pale Roma, katika kanisa la Santa Maria Maggiore, lina neno moja tu, Franciscus. Hilo ndilo lililoniliza.

Muulizaji: Asanteni. Wewe uliyempigia kaka yako, mlipatana?

Jibu: Tulipatana. Papa alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa pole.