Naomba ushauri: daktari mpya wa wanyama, nianzie hospitali ya dharura au kliniki ya kawaida?

Kipepeo88
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Nimemaliza shahada ya udaktari wa wanyama, leseni tayari ninayo, na sasa nina ofa mbili mkononi zote zinataka jibu haraka. Ya kwanza ni hospitali ya wanyama inayopokea dharura masaa 24, zamu ni za masaa 12, nyingi usiku, mshahara umeizidi hii nyingine. Ya pili ni kliniki ya kawaida, chanjo, kuhasi, meno, ngozi, masikio, mbwa na paka ndo wengi ila wanatoka pia kwenda kwa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi.

Moyo wangu uko kwenye dharura toka nikiwa mwanafunzi, yani mnyama akiingizwa hoi mimi ndo akili inatulia. Lakini kila ninayemuuliza ana lake, mmoja ananiambia ukianzia kliniki ya kawaida utalemaa, ujasiri wa dharura hutaupata tena, mwingine anasema ukianzia dharura utachoka mapema uache fani kabisa na hata sikio linalonuka hutajua kulitibu. Naombeni wenye uzoefu mnisaidie. Ukianzia huku unaweza kuhamia kule? Na mtu anajuaje kama dharura ni kazi yake?

ZamuYaUsiku
Hongera dokta, ile shule sio mchezo. Mimi niko dharura na sijutii hata kidogo, ila ushauri wangu uanze kwa kuuliza hivi: usiku ukizidiwa nani yuko ndani ya jengo? Sio kwenye simu, ndani ya jengo.

Nikupe mfano wa kesi ambayo utakutana nayo tu. Usiku mkubwa analetwa paka dume, mwenyewe anakwambia amefunga choo, toka jana anaenda kwenye mchanga wake anachuchumaa anakamua hatoki kitu. Unamshika tumbo, kibofu kimejaa kigumu kama chungwa. Unasikiliza moyo, unapiga polepole wakati paka aliyetoka kwenye kikapu na kelele zote zile ulitakiwa uwe unamwenda mbio. Mgeni wa kazi anakimbilia kuingiza mpira wa mkojo, maana tatizo si mkojo? Aliyezoea anajua potasiamu imeshapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama muda wowote, kwa hiyo anamfunga mashine ya kuangalia moyo, anaweka dripu, anampa kalsiamu glukoneti taratibu kwenye mshipa. Na hapo kumbuka kalsiamu haishushi potasiamu, inaukinga moyo kwa muda tu, ya kushusha ni insulini ukiiambatanisha na glukosi. Moyo ukishakaa sawa ndo unakuja kwenye dawa ya usingizi na mpira.

Haya yote umeyasoma na mtihani ulifaulu. Kuyapanga kwa mfuatano huo, haraka, huku mwenye paka analia pembeni na mlangoni anaingizwa mbwa aliyegongwa na gari, hiyo mtu unafundishwa na aliyesimama nyuma yako. Hospitali ikikupa huyo mtu nenda, utakomaa haraka sana. Wakikwambia utaachwa peke yako usiku toka mwezi wa kwanza, iache hiyo ofa hata mshahara uwe mara mbili, nimeona vijana wazuri wamevunjika moyo kwa namna hiyo na walioumia zaidi ni wanyama.

Bi Sindano
Mdogo wangu karibu kwenye kazi. Mie ni wa kliniki ya kawaida miaka mingi na hilo neno la kulemaa linaniuma, kwa sababu wanaolisema wanadhani kazi yetu ni kuchoma chanjo na kukata kucha.

Mkono wa upasuaji unaupata kwenye kuhasi. Jike moja baada ya jingine, unatafuta ovari kwa kidole, unaivuta bila kupasua mshipa, unafunga fundo na kulikagua kabla hujaachia. Siku akija jike ana usaha kwenye mfuko wa uzazi, au mwenye mtoto aliyekwama anahitaji kupasuliwa, ni mikono ileile, ila sasa mfuko umevimba, kuta zake ni laini zinachanika, na mgonjwa ana presha ya chini. Asiyezoea mfuko usio na ugonjwa atauanzia wapi huo?

La pili, kliniki inakufundisha ugonjwa unavyotembea toka mwanzo mpaka mwisho. Dharura unamtuliza mgonjwa asubuhi unamkabidhi kwa wengine, mara nyingi hujui aliishia wapi. Huku mbwa mwenye kisukari unaye miaka, unajua mwenye mbwa anamchoma insulini vizuri au anaogopa sindano. Na kuna magonjwa yanayojificha, mfano Addison, yani tezi za juu ya figo hazitoi homoni za kutosha, mbwa anatapika leo kesho yuko sawa, wiki ijayo kanyong'onyea tena, kila mtu anasema kala uchafu. Ukimkosa huyo kwenye kliniki ndo atapelekwa kwa ZamuYaUsiku amezimia, potasiamu iko juu na moyo unapiga polepole kama huyo paka wake. Kumkamata mapema nako ni kuokoa maisha, japo hakuna king'ora.

Ila nakubaliana naye kwenye la msimamizi. Zipo kliniki mwenye nayo anataka mtu wa kumwachia mlango tu na yeye aende zake, huko nako hujifunzi kitu.

kijana_wa_maabara
Napita nikijifunza. Uzi mzuri huu.

MzeeWaKwato
Habari binti. Naona wote wanaongelea mbwa na paka, mimi niongeze upande wa ng'ombe maana umesema hiyo kliniki inatoka kwenda kwa wafugaji. Usidhani dharura ni lazima uwe na mashine na taa kubwa. Ng'ombe wa maziwa kazaa jana, leo kalala hainuki, kageuza kichwa kakiegemeza ubavuni, masikio ya baridi. Hiyo ni homa ya maziwa, yani kalsiamu imeshuka kwenye damu, na jina lisikudanganye, joto la mwili mara nyingi liko chini. Unampa kalsiamu borogluconeti kwenye mshipa wa shingo polepole huku kifaa cha kusikilizia kiko moyoni, mapigo yakianza kuruka unasimama kidogo, maana ukiimwaga kwa haraka moyo unasimama na umemuua wewe. Ikienda vizuri anaanza kutetemeka misuli, anacheua gesi, anainuka mbele ya macho yako. Mimi mpaka leo nikiona vile nafurahi.

Kazi hii inakupa kujitegemea kwenye maamuzi kuliko hata hospitali. Ubaya wake nao nikwambie, ni mgongo na mabega, kuzalisha ndama aliyekaa vibaya unaweza ukawa umelala ubavu kwenye matope mkono wote uko ndani muda mrefu, na usiku unaenda peke yako. Jifunze mapema kudunga ganzi ya uti wa mgongo kwenye mkia, inamzuia ng'ombe asikukamue mkono. Na mlainishie vya kutosha, vijana wengi wanavuta pakavu.

Mhamaji
Mimi nafanya kazi ya kushikiza, yani kliniki ikiwa na upungufu naenda, wiki hii dharura wiki ijayo ya kawaida. Kwa hiyo jibu la kwanza, kuhama kunawezekana pande zote mbili na watu wanahama kila siku, usiishi na hofu hiyo. Anayetoka kawaida kwenda dharura anahitaji muda wa kuzoea kasi na kupanga nani aonwe kwanza, anayetoka dharura kwenda kawaida anahitaji kujifunza ngozi, meno, na kuongea na mteja kwa utulivu kuhusu vitu visivyo vya haraka.

Swali lako la pili, kujua kama dharura ni yako, naomba nilijibu kwa uzito maana wengi wanapima kwa kitu kisicho sahihi. Wanapima kwa damu, eti mimi siogopi damu. Damu utaizoea ndani ya muda mfupi. Kinachochosha ni pesa na vifo. Mbwa mkubwa tumbo limejaa gesi na limejipinda, anahitaji upasuaji sasa hivi, ukimpata mapema nafasi yake ni nzuri tu, na mwenye mbwa hana uwezo. Unaijua tiba, vifaa viko nyuma ya mlango, na mnaishia kumpumzisha, yani kumchoma sindano afe bila maumivu. Ukitoka hapo unaingia chumba cha pili kuna mtu amesubiri masaa mawili na amekasirika na hajui ulichotoka kukifanya. Jiulize hilo, utaweza kulibeba ukiwa na usingizi wa mchana tena wa mang'amung'amu? Wapo wanaoweza, na wanakuwa madaktari wazuri sana. Na wapo wanaoweza kwa miaka kadhaa halafu wanahama, hilo nalo sio kushindwa.

Omba ukakae zamu nzima kabla hujasaini, usiku kucha mpaka makabidhiano ya asubuhi. Angalia wanavyokabidhiana wagonjwa, wanaandika au wanasimuliana wakiwa wanavaa makoti? Angalia kama watu wanapata kula.

Kipepeo88
Asanteni sana wakuu, nimesoma kila mstari, hilo la pesa na vifo sikuwahi kulifikiria hivyo. Swali la nyongeza kwa ZamuYaUsiku, ili nifanye dharura lazima niwe bingwa? Na kitu gani nikianze kujifunza sasa hivi hata kabla sijaamua?

ZamuYaUsiku
Sio lazima, madaktari wengi wa dharura hawana ubingwa. Ubingwa wa dharura na wagonjwa mahututi ni njia ndefu, kwa mfumo wa Marekani chini ya ACVECC, chombo cha mabingwa wa dharura za wanyama, kwa kawaida unapita mwaka mmoja wa kuzunguka idara, halafu miaka 3 ya mafunzo ya ubingwa, na mtihani juu yake. Fanya kazi kwanza uone kama unaitaka.

Cha kuanza nacho, shika mwongozo wa RECOVER wa kufufua mbwa na paka, ulitoka 2012 na umehuishwa 2024. Unabonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, mzunguko wa dakika 2 bila kukatiza, halafu mnabadilishana kwa sababu mikono inachoka bila mwenyewe kujua. Hiyo itakufaa kokote, hata kwenye kuhasi mgonjwa anaweza kusimama moyo mezani. Halafu jifunze kutumia ultrasaundi ya haraka kutafuta maji tumboni na kifuani, hiyo inataka mazoezi ya mkono, kusoma peke yake hakutoshi.

Bi Sindano
Na popote utakapoenda, kabla ya siku ya kwanza kachanje chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa. Ratiba ya sasa ya WHO ni dozi 2 tu, siku ya 0 na ya 7. Ukiumwa na mnyama bado utaosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na utapewa dozi za nyongeza, ila matibabu yanakuwa mepesi. Muulize mwajiri kama analipia, na akisita kulipia hilo mdogo wangu umeshamjua.

Kipepeo88
Nimeelewa. Nimewaandikia hospitali leo kuomba kukaa zamu moja ya usiku, na nimewauliza moja kwa moja nani atakuwa nami ndani ya jengo kwa miezi sita ya kwanza. Kliniki nao nimewauliza hivyohivyo, pamoja na la chanjo. Atakayejibu kwa maandishi ndo nitamfikiria kwanza, nitarudi hapa kuwaambia walichosema.