Kuchomelea seli za betri kwa transfoma ya maikrowevu: kwa nini nukta hazishiki sawasawa?

Fundi Taa (Igombe, Mwanza)

Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninatengeneza taa za wavuvi wa dagaa, ambao wengi wao wameacha karabai na sasa wanatumia taa za LED zenye pakiti za seli za lithiamu za 18650 (za umbo la silinda, milimita 18 kwa 65). Pakiti nyingi zinazoletwa mezani kwangu ziliunganishwa kwa kulehemu (kuyeyusha risasi kwa pasi ya moto), na seli zake zimechoka mapema kwa sababu ya joto. Nimeamua kuunda mashine ya kuchomelea kwa nukta, yaani ya kugandisha utepe wa chuma kwenye seli kwa pigo fupi la mkondo mkali kupitia ncha mbili: nimepata transfoma ya maikrowevu, nimeondoa mzingo wa pili (waya wa upande wa kutolea umeme), na mahali pake nimezungusha waya mnene mara mbili. Ninaiwasha kwa swichi ya kubonyeza kwa mkono. Utepe wa nikeli wa milimita 0.15 mara unatoboka, mara unabanduka kwa ukucha tu. Je, tatizo liko kwenye waya, kwenye ncha au kwenye muda?

Mtambo wa Sengerema

Ndugu, tatizo la kwanza ni muda. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, na nukta nzuri kwenye utepe kama wako huhitaji mizunguko michache tu. Kidole, hata kikiwa chepesi namna gani, hushikilia swichi kwa mizunguko mingi zaidi ya hiyo, tena hakirudii muda uleule mara mbili. Weka Arduino (kompyuta ndogo ya kupangia kazi) iongoze triaki (swichi ya kielektroniki) upande wa volti 230, na uipangie itoe pigo fupi la kwanza ili utepe ukae vizuri, ipumzike kidogo, kisha itoe pigo kuu. Tumia mizunguko kamili, si nusu, ili chuma cha transfoma kisielemewe na usumaku wa upande mmoja.

Mizunguko miwili ya waya inatosha, kwa kuwa kila mmoja hutoa takriban volti moja. Kinachofanya kazi hapa si volti bali mkondo wa mamia ya ampea. Kwa hiyo waya uwe wa milimita mraba 50 au zaidi, uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na viungo vyake vibanwe kwa nguvu, maana kiungo kilicholegea hula joto ambalo lingekwenda kwenye nukta.

Jambo moja nakusihi, na wengine wanaosoma hapa walizingatie. Kapasita ya maikrowevu (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) huchajiwa hadi maelfu ya volti, na inaweza kuua hata baada ya oveni kuchomolewa ukutani. Kabla ya kugusa chochote ndani, iondolee chaji kwa kizuia mkondo kilichoshikwa kwa mpini usiopitisha umeme, kisha uhakikishe kwa mita. Chuma cha transfoma nacho kiungwe na ardhi.

Mama Betri

Naomba niongeze kuhusu utepe. Kwa kuwa ncha zote mbili hukaa upande mmoja, sehemu kubwa ya mkondo hukimbilia ndani ya utepe wenyewe, kutoka ncha hadi ncha, bila kushuka kwenye seli. Kata mfereji mwembamba katikati ya mahali ncha zinapogusa, na mkondo utalazimika kupita kwenye seli. Ncha ziwe za shaba nyekundu, zichongwe kwa tupa kila zinapoanza kuwa butu, na zikandamizwe kwa nguvu ileile kila mara. Ukilegeza mkono, cheche huruka na utepe hutoboka.

Chunguza pia kama hiyo ni nikeli halisi. Nyingi zinazouzwa ni chuma kilichopakwa nikeli: ikwaruze, iache kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na kama ni chuma utaona kutu. Tena usisahau pete ya karatasi ngumu kwenye upande chanya, kwa sababu bega lote linalozunguka kichwa hicho ni upande hasi.

Nukta hupimwa kwa kung'oa. Utepe ukichanika na kuacha vipande vya nikeli kwenye seli, umefaulu.

Mvuvi wa Nansio

Mimi napendelea betri ya gari badala ya umeme wa ukutani. Jioni volti hushuka, na zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, joto la nukta hupungua karibu sehemu moja ya tano, hivyo muda uliopangwa asubuhi haufai tena. Betri iliyojaa, ikiongozwa na transista za nguvu kwa milisekunde chache, hutoa mapigo yanayolingana, na unaweza kuichukua hadi visiwani. Hata hivyo weka fyuzi na swichi ya kukata, kwa maana transista ikiungua huweza kubaki ikipitisha mkondo bila kukatika.

Fundi Taa (Igombe, Mwanza)

Nashukuruni sana. Nitaanza na Arduino na mfereji. Je, seli zilizolehemiwa zamani zinafaa kuchomelewa upya?

Mama Betri

Baadhi zinafaa. Tupa kila iliyobonyea, inayovuja au iliyoshuka chini ya volti 2. Zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, ziache wiki mbili na uzipime tena. Zinazoshuka waziwazi zisiingie kwenye pakiti. Zile utakazoziunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zilinganishe volti kwanza, la sivyo iliyojaa itaimwagia nyingine mkondo mkali mara tu utepe utakapogusa.