Stadi mbili za gurudumu la nyuma zimekatika baada ya kufunga tairi za masika: naomba ushauri

Mkazi wa Chumbageni

Ndugu zangu, salaam. Ninamiliki Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hutembea mjini Tanga kwa tairi za kawaida, lakini masika yanapokaribia huifunga seti nyingine ya rimu zenye tairi za matope, kwa kuwa kazi hunipeleka Muheza na kunipandisha hadi Amani, na barabara ile ya udongo ikishaloa haimwonei huruma mwenye tairi kipara. Mwaka huu seti ya matope ni mpya kwangu, nimeinunua ikiwa imetumika. Ilifungwa katika gereji moja ya mjini kwa mashine ya upepo, na kijana aliyefunga alizikaza nati mpaka mashine ikabaki kugonga tu bila kuzungusha kitu.

Nikiwa njiani kurudi kutoka Amani gari lilianza kutetemeka upande wa nyuma kushoto na kutoa mlio wa kugonga kila nilipofunga breki. Nilipoegesha nilikuta stadi mbili zinazofuatana, yaani zile boliti zinazochomoza kwenye habu (kitovu cha gurudumu), zimekatika, na nati ya tatu inazunguka kwa mkono. Fundi mmoja ameniambia kwamba ninaweza kutembelea zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, na mwingine amependekeza kuchomelea boliti mbili mahali pa zile zilizokatika, kazi ambayo anasema itamchukua nusu saa. Je, lipo lililo salama kati ya hayo mawili? Na je, ninabadilisha mbili tu au zaidi?

Fundi wa Ngamiani

Mdogo wangu, kwanza gari hilo lisitembee, hata kwa kwenda gereji. Liletewe fundi lilipo, au libebwe. Gurudumu lenye stadi tano linapopoteza mbili zilizo jirani, hubanwa upande mmoja tu, na upande wa pili hufunguka na kufumba kila linapozunguka, kiasi kwamba zile tatu unazoziona nzima zimeshapokea mzigo ambao hazikutengenezewa. Ndiyo maana jibu la swali lako la mwisho ni tano zote za habu hiyo. Ikiwa imekatika moja tu, nasi tunajua sababu yake, hubadilishwa hiyo na mbili zilizo ubavuni mwake. Zikikatika mbili, au gurudumu likiwa limetembea huku limelegea, hakuna cha kubakiza.

Kuhusu kuchomelea, mwambie fundi huyo ahsante na uondoke. Stadi imepewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unauharibu ugumu huo palepale penye mzigo mkubwa kuliko pote. Moto huohuo unasafiri ndani ya habu mpaka kwenye beringi, unayeyusha grisi na kuunguza sili, na gari lako lina sensa ya breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge, hapohapo karibu. Nimefungua magari yaliyochomelewa namna hiyo. Boliti inakuwa imepinda kidogo, rimu haikai sawa, na mwenye gari anatumia miezi akibadilisha beringi bila kujua chanzo.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Stadi haikufungwa kwa uzi kwenye habu. Imeshindiliwa kutoka nyuma, na shingoni ina meno madogo yanayong'ata tundu. Hufunguliwa kalipa (kibano cha breki) na kuning'inizwa kwa waya ili mpira wa breki usibebe uzito, hutolewa diski, kisha habu huzungushwa mpaka stadi ifike penye nafasi nyuma yake. Kwenye gurudumu la nyuma huenda viatu vya breki ya mkono vikazuia njia, navyo vitolewe badala ya kulazimisha. Kisiki cha stadi kisukumwe nje kwa kifaa cha kubana au kwa presi. Kupiga nyundo nzito juu ya habu ambayo bado ina beringi ni kununua tatizo la pili, ingawa najua wengi tunapiga. Mpya huingizwa kutoka nyuma na kuvutwa kwa nati iliyofungwa juu ya wosha kadhaa, kwa spana ya mkono, taratibu, mpaka kichwa chake kikae kabisa kwenye habu. Nati iliyotumika kuvutia itupwe. Nyuzi zipakwe oili kidogo ili siku nyingine zisishike kutu, maana sisi tuko pwani.

Lakini kabla ya hayo yote, safisha uso wa mahali stadi ilipokatikia, uangalie kwenye mwanga, kisha utueleze ulivyo. Tueleze pia rimu hizo za pili ni za gari gani na nati ulizotumia ni zipi. Mashine ya upepo inasingiziwa mengi.

Mkazi wa Chumbageni

Ahsante sana, kaka. Gari limebaki lilipo. Nimetazama visiki vyote viwili kwa tochi: sehemu kubwa ya uso ni laini na nyeusi yenye kutu, ina mistari midogo ya mviringo inayoanzia pembeni, na ni ukingo mdogo tu wa upande wa pili ambao unang'aa na una chembechembe. Rimu ni za aloi, zilitoka kwenye Nissan X-Trail, na muuzaji alinihakikishia kuwa zinaingia bila shida, jambo ambalo ni kweli, ziliingia. Nati ni zilezile za gari langu, zenye wosha isiyotoka.

Muuza vipuri, Barabara ya Pangani

Kaka, hapo umejijibu mwenyewe. Muuzaji hakukudanganya kuhusu matundu: RAV4 yako na X-Trail zote zina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu huingia. Kuna mawili ambayo hakukuambia.

La kwanza ni tundu la katikati. Habu ya Toyota hiyo ina kipenyo cha milimita 60.1, na tundu la katikati la rimu ya Nissan ni milimita 66.1. Rimu ya Toyota hukaa juu ya ukingo wa habu na kujiweka katikati yenyewe kabla hata hujashika nati. Hiyo ya Nissan inaning'inia hewani, na kinachoiweka katikati ni nati peke yake.

La pili ndilo lililokata stadi zako. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na wosha bapa, ambayo hukalia uso bapa wa rimu. Matundu ya rimu za Nissan yamechongwa kwa mwinamo wa koni, yakisubiri nati yenye koni ya pembe ya digrii 60. Ukiweka wosha bapa juu ya tundu la koni, inagusa ukingo mwembamba tu wa juu. Ukikaza, unahisi imekaza. Ukitembea kidogo juu ya mashimo, aloi kwenye ukingo ule inabonyea, nati inapoteza ubanaji wake, na rimu inaanza kucheza. Kuanzia hapo kila mzunguko unaipinda stadi kidogo na kuirudisha, kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Ule weusi wenye mistari ndiyo ufa uliokuwa ukikua kidogo kidogo na kuingiwa na maji na kutu. Ule ukingo unaong'aa ndiyo chuma kilichobaki siku ya mwisho. Stadi iliyokatwa na mashine ya upepo kwa kuzidishiwa nguvu ingekuwa na uso mmoja wenye rangi moja, mara nyingi umesokotwa au shingo imesinyaa, na aghalabu ingekatika mikononi mwa fundi, isingesubiri ufike Amani.

Ukienda dukani usiombe "stadi za RAV4" ukaishia hapo. Nenda na iliyokatika. Unatafuta uzi wa milimita 12 wenye hatua (umbali kati ya jino moja la uzi na la pili) ya milimita 1.5, urefu uleule, na hasa kipenyo kilekile cha yale meno ya shingoni, kwa sababu yakiwa membamba stadi itazunguka kwenye habu siku utakayotaka kufungua nati, nawe utakuwa na kazi mbaya kuliko hii. Kisha nunua nati 20 za koni zenye uzi huohuo wa Toyota. Usikubali kupewa nati za Nissan kwa kuwa rimu ni za Nissan: uzi wa Nissan ni milimita 12 kwa hatua ya 1.25, nati yake huanza kuingia kwenye stadi ya Toyota kwa mzunguko mmoja au miwili, halafu ikilazimishwa kwa mashine inakula uzi wote. Kila nati ianzishwe kwa vidole. Kwa stadi ya milimita 12 inatakiwa izunguke angalau mara nane kamili kabla ya kukaza. Ikizunguka pungufu, rimu ni nene kuliko urefu wa stadi na haikufai. Pete za kujazia ile nafasi ya katikati zinapatikana, za plastiki ngumu au aloi, nje 66.1 na ndani 60.1. Hazibebi mzigo mkubwa nati zikiwa sahihi, ila zinamsaidia fundi kuiweka rimu katikati.

Mhandisi mitambo, Pongwe

Ninakubaliana na dada muuza vipuri kwa kila alilosema, na kwa fundi nina pingamizi moja tu, nalo ni ile oili kwenye nyuzi. Nguvu unayoitia kwenye spana haiendi yote katika kuivuta stadi. Takriban sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayoivuta, na iliyobaki yote huliwa na msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati. Ukiupunguza msuguano huo kwa oili, spana itakuonyesha kipimo kilekile huku stadi imevutwa kupita ilivyokusudiwa. Vipimo vya watengenezaji wa magari haya ni vya nyuzi safi na kavu. Zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipanguswe, basi. Kutu ya pwani idhibitiwe kwa kufunika nati na kwa kuzifungua mara kwa mara, nawe kwa kubadili seti kila masika unazifungua tayari.

Kipimo cha kukazia nati za gari lako ni nyutoni mita 103. Spana ya kupimia nguvu ndiyo sahihi, na mtu anayebadili magurudumu kila msimu anapaswa kuwa nayo. Asiyekuwa nayo ajue hesabu hii: kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, kipimo hicho ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 kwenye ncha yake. Sasa mchukueni kijana wa kilo 75 anayechomeka bomba la sentimita 60 na kusimama juu yake, jambo ninaloliona kila wiki kando ya barabara. Huyo anatia nyutoni mita 440, zaidi ya mara nne. Stadi inayovutwa kiasi hicho hurefuka isirudi hali yake na haishiki tena, hata kama haikukatika. Kwa hiyo mashine ya upepo haikukata hizi mbili, lakini sitaiondolea lawama kabisa, na ningekagua magurudumu mengine matatu kwa kuangalia kama nati inateleza vizuri kwa vidole juu ya kila stadi hadi mwisho.

Wanajukwaa wakumbuke pia kwamba magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuletwa huku, na yaliyotoka mikoa ya kaskazini yenye theluji yalikuwa yakifungwa tairi za majira ya baridi na kurudishiwa za kawaida kila mwaka, juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Stadi za gari la namna hiyo zimekwisha kufunguliwa na kukazwa mara nyingi kabla ya kushushwa bandarini. Serikali ya Japani yenyewe huwaonya wenye malori kila mwaka kuhusu magurudumu yanayochomoka katika miezi ya baridi, mengi yakiwa yamebadilishwa tairi muda si mrefu, na agizo lao kuu ni kukaza upya baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100. Kwako hiyo ni safari moja ya kwenda Pangani, au kufika Segera ukapumzika. Gari lipoe kwanza, kisha kila nati ipimwe kwa mpangilio wa nyota, kwa kuruka moja baada ya nyingine.

Fundi wa Ngamiani

Mhandisi, la oili nimelipokea kwa nyuzi za kufungia gurudumu. Grisi nitaibakiza kwenye wosha tu wakati wa kuivuta stadi mpya, kwani hapo bila grisi wosha inasaga na nati inaungua.

Mkazi wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Nimekwisha kuagiza stadi tano na nati 20 za koni, na stadi zikishawekwa gari litafungwa seti ya kawaida kwa nati zake za awali. Limebaki moja: je, rimu hizi za X-Trail zinafaa kuendelea kutumika, au nizirudishe?

Muuza vipuri, Barabara ya Pangani

Rimu zile tatu ambazo hazikulegea huenda zikafaa. Hiyo ya nyuma kushoto sina hakika nayo. Ilaze uso juu, uioshe, kisha pitisha nati mpya ya koni katika kila tundu bila kuifunga. Ikikaa imegusa mzunguko mzima, tundu ni zima. Ikicheza, au ukiona tundu limekuwa yai, au kuna ufa mwembamba unaotoka tunduni kuelekea katikati, rimu hiyo isirudi barabarani hata kama akiba, na usikubali mtu akujazie kwa kuchomelea. Kagua hivyo hivyo na zile nyingine, kwa sababu zote zilifungwa kwa wosha zilezile.